Mtoto Asiyeweza Kutaja Jina Lake

Waheshimiwa wazazi, ndugu wakazi wa Kajaga, nanyi majirani mliovuka kutoka Uvira,

Leo sikuja kusema juu ya magendo. Nimekuja kwa ajili ya mtoto wa miaka minne asiyeitika aitwapo, asiyetazama watu usoni, atorokaye kila mlango uachwapo wazi. Huenda ana usonji. Huo ni ulemavu wa ukuaji wa ubongo. Si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Hata hivyo mama yake husengenywa bombani, na hatimaye humfungia mtoto ndani asionekane.

Kufichwa huko ndiko kunakotutia hofu sisi polisi. Wengi wa watoto hawa huvutwa na maji, na ziwa Tanganyika liko mlangoni petu, pamoja na viboko wake. Akipotea, hataitika wala hatataja jina la baba yake. Asiyejulikana na majirani atarudishwa na nani?

Basi, mzazi, mjulishe mjumbe wa nyumba kumi sura yake, kimtulizacho na anakopenda kukimbilia. Akitoweka, mmoja aje kituoni mara moja, wengine waelekee ufukweni kwanza. Nawe jirani, ukimkuta, usimfokee wala usimvute. Keti karibu naye. Siku nyingine mtunze kwa saa moja, mama apate kulala. Hilo halihitaji amri ya polisi.

Sheria ya Burundi ya mwaka 2018 inalinda haki za watu wenye ulemavu, naye yumo. Wenye watoto wa namna hii, nitabaki hapa baada ya kikao. Njooni tuandike majina yao.