Filamu Iliyonitisha Ukubwani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani, usiku wa mkutano wetu)



Niliombwa niseme juu ya utumishi serikalini. Mniwie radhi, nitasema juu ya sinema. Mnanifahamu. Ndimi niliyekuwa nikiruka ua Jumamosi kwenda kibanda cha video mjini, kisha usiku nikawasimulia picha za kutisha mpaka watu wakaogopa kwenda msalani peke yao.

Nilipofika chuo kikuu niliwatafuta Waitalia, maana katika picha za namna hiyo wao ni mafundi. Mario Bava, mpiga picha aliyegeuka mwongozaji, alitoa mwaka 1960 picha ya mwanamke aliyehukumiwa kwa uchawi. Kaka yake mwenyewe ndiye anayeamuru apigiliwe usoni kinyago chenye misumari. Wengine huiona kuwa ngano ya Ulaya ya kale. Sisi tuliokulia Shinyanga, ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa samadi jikoni, hatuwezi kuiita ngano.

Lakini aliyenishika hasa ni Noaz Deshe. Yeye si Mwitalia, ingawa filamu yake, White Shadow, ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Italia, Ujerumani na Tanzania. Ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, na mwaka 2013 huko Venice ikapata tuzo ya waongozaji wanaoanza. Niliipata kwa mwenzangu wa kozi mwaka 2016, nikaiangalia peke yangu, na taa sikuizima.

Alias, kijana albino anayechezwa na Hamisi Bazili, anaona baba yake akiuawa. Mama anampeleka mjini kwa mjomba, akauze miwani ya jua na simu barabarani. Mjomba huyo ni James Gayo, ndiyo, yule yule mchoraji wa Kingo! Kamera inatetemeka, inausogelea uso mno, kama mtu anayehema. Ni ndefu, na katikati inazurura. Hakuna jini wala maiti anayefufuka. Kuna watu wanaotaka fedha.

Nilikuwa Geita miaka ile, wakati ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Machimboni ilisemwa waziwazi kwamba kiungo cha albino huvuta dhahabu. Januari 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo huo, Mahakama Kuu ilipokaa Kahama, watu watatu walihukumiwa kunyongwa kwa kumwua mtoto wa Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Mimi niliandika taarifa. Niliandika “tukio”, nikapiga muhuri, nikaenda kula chakula cha mchana. Deshe hakunionyesha jambo nisilolijua. Alinikalisha mahali alipokaa yule mtoto.

Na hapo nikamkumbuka mwenzetu. Wa darasa letu mnamjua. Jina sitalitaja bila idhini yake. Alikaa dawati la mbele na bado ubao hakuuona, na juani alivaa sweta. Mimi ndiye niliyempachika jina la Mzimu, nikilitoa katika picha zangu zile za Jumamosi. Mlicheka, nami nikaona fahari. Jina hilo alikwenda nalo hadi Kidato cha Nne. Naye alikuwa akinisahihishia hesabu.

Barua ya kumwalika ilipelekwa kwenye anwani yake ya zamani, ikarudi haijafunguliwa. Yeyote anayejua alipo, tafadhali anione kabla ya basi la kesho asubuhi.

Filamu ninayo. Katibu ameniahidi jenereta. Tutaanza saa tatu usiku katika bwalo.