Damu ya mwezi ikikatika, tuchunge moyo

(Mazungumzo kwa wanachama, mkutano wa mwezi)

Wababa musitoke nje, maneno haya yanawahusu pia, kwani mara nyingi ni ninyi munaoshika pesa ya kwenda kupima.

Tangu tuliporudi kutoka Nyarugusu, wamama wengi wa chama wamepita miaka 50. Damu ya mwezi imekatika, joto inapanda usiku, usingizi unakimbia. Hayo tunayasikia wenyewe. Lakini kuna lingine ndani ya mwili ambalo halipigi kelele.

Mwanamke ana homoni inayoitwa estrojeni. Miaka ya kuzaa inatengenezwa hasa na ovari, pale mayai yanapotoka. Inasaidia mishipa ya damu kutanuka vizuri na inapunguza mafuta mabaya katika damu. Ni sababu moja inayofanya ugonjwa wa moyo umfikie mwanamke karibu miaka 10 nyuma ya mwanaume. Damu ikikatika, ovari zinaacha ile kazi; estrojeni kidogo inayobaki inatoka sana katika mafuta ya mwili. Hapo mafuta mabaya ya damu yanapanda, tansio nayo kwa wengi inapanda. Aliyekatikiwa mbele ya miaka 45, ao aliyetolewa ovari zote mbili kwa operesheni, yuko na hatari zaidi. Amwambie muganga hata kama hajaulizwa.

Sasa mutasema: kama imepungua, si tuiongeze? Waganga wakubwa nao waliwaza hivyo. Huko Marekani walichukua wamama zaidi ya 16,000, wamoja wakapewa vidonge vya estrojeni pamoja na projestini, wengine vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2002 wakasimamisha mbele ya wakati: waliomeza homoni walipata zaidi mshituko wa moyo, kiharusi, damu kuganda na kansa ya ziwa. Kwa mama mmoja mmoja hatari haikuongezeka sana, lakini kinga ya moyo haikuonekana. Na mwaka 1995 watafiti wa Rancho Bernardo, California, waliofuata wamama kwa miaka 19, hawakuona kwamba wenye estrojeni nyingi ya asili walikufa kidogo kwa moyo kuliko wenzao. Ni kusema wingi wake peke yake hauamui.

Muganga anaweza kumpa mama homoni kwa joto inayomtesa, akiisha kumpima. Ni kazi yake. Lakini vile vidonge na unga vinavyouzwa sokoni eti vinarudisha ujana, sisi tunasema hapana, na pesa ya sanduku haitatoka kwa hiyo.

Kinachotusumbua zaidi ni tansio. Kambini dawa ilikuwa bure. Hapa kila kidonge ni franka. Wamama wamekatisha dawa kwa sababu kichwa hakiumi. Jamani, tansio haingoji kichwa kiume ndipo iharibu moyo! Ikipita 140 kwa 90 mara kwa mara, muone muganga, na dawa aliyoandika usiikatishe mwenyewe. Ndagala za chumvi tuloweke, tumwage maji ya kwanza. Na sombe inaiva hata bila kubi.

Tena, moyo wa mama unaweza kushikwa bila maumivu makali ya kifua. Pumzi inakatika, taya ao mgongo unauma, anataka kutapika, anachoka ghafla bila kazi. Tusiseme ni tumbo tu, tungoje asubuhi. Aliye na pikipiki katika avenue ampeleke usiku huohuo.

Kuanzia mkutano ujao, mashine ya tansio itakuwa mezani saa moja mbele ya kikao. Kupima ni bure kwa mwanachama na kwa mama mkwe wake. Mulete karatasi za kliniki za kambini, hata zilizochanika, kwani zinaonyesha dawa gani ulikuwa unameza na kipimo chake. Wenye kukatisha dawa kwa kukosa pesa wamwone mwekahazina pembeni, si mbele ya watu.