Shamba Ndani ya Gunia

Mgeni aingiaye Kibera, katika mji wa Nairobi, akauliza mahali paitwapo Kianda, huelekezwa upande wa magharibi. Atapita kati ya vyumba vya udongo na mabati vilivyobanana, ataruka mtaro wa maji machafu, atapisha watoto wanaotoka shule na wanawake waliojitwika mitungi ya maji. Kisha, mbele ya mlango mmoja, ataona gunia limesimama wima kama mtu anayengoja kukaribishwa, na ubavuni mwake yamechomoza majani mabichi ya sukuma wiki. Mazungumzo ya leo ni juu ya gunia hilo.

Watu wengi hudhani ya kuwa mji ni mji na shamba ni shamba, na kwamba mtu akiisha kupanda basi la kwenda Nairobi ameliacha jembe nyuma yake. Lakini tazameni majina. Kianda, kwa Kikikuyu, maana yake ni bonde. Kibera ni jina lililotokana na neno la Kinubi lenye maana ya mwitu, kwa kuwa askari Wanubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles walipokaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa na miti na vichaka. Kawangware nayo, upande wa kaskazini, yaitwa kwa jina la ndege: kwale. Bonde, mwitu na ndege wa porini. Hayo ndiyo majina ya mitaa ya mji mkuu wa Kenya.

Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa Kianda ina watu zaidi kidogo ya 29,000, na Kibera yote watu 170,000 hivi, ingawa kwa miaka mingi ilisemwa kuwa ni milioni nzima. Wengi wao ni wapangaji. Ukimwuliza mmoja wao, “Kwenu wapi?” hatakujibu Kianda. Atakutajia Siaya, au Vihiga, au Makueni, au Murang'a. Huko ndiko kwao. Kianda, kwake, ni mahali pa kulala mpaka siku ya kurudi.

Tuseme kuna fundi seremala wa namna hiyo, aliyekaa Kianda miaka 20. Kila mwisho wa mwezi huwapelekea wazee wake fedha. Zamani alimpa msafiri aliyeaminika, au alitumia Posta. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hutuma kwa simu, na fedha hufika kabla hajamaliza chai yake. Wakati wa Krismasi huenda mwenyewe, na sukari na mikate mkononi. Wazee humpokea kwa furaha na kumwandalia kiti. Lakini fikirini vema: ni nani aandaliwaye kiti? Ni mgeni. Mahindi yamepandwa bila yeye, na mbwa wa nyumbani humbwekea. Huko nyumbani ni mgeni, na Kianda pia hujihesabu mgeni. Mtu huyu amekuwa mgeni mara mbili, wala hana mahali alipo mwenyeji.

Siku moja mkewe aleta gunia tupu na kulisimamisha mlangoni.

“Mama Watoto,” asema fundi, “udongo huu wa nini? Sisi hapa ni wapita njia.”

“Baba Watoto,” ajibu mkewe, “kifungua mimba wetu alizaliwa katika chumba hiki, na sasa anavaa viatu vyako. Wapita njia gani hawa wasiopita?”

Fundi hakosi sababu. Ardhi ya Kibera ina historia ndefu ya mashaka. Serikali kwa miaka mingi ilihesabu kuwa ni yake. Wenye kujenga vyumba wengi hawana hati ya ardhi, na mpangaji hana kitu ila risiti yake ya kodi, kama aliandikiwa. Wanubi wenyewe, waliotangulia, walipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu, baada ya madai ya miaka mingi. Tena, mwezi wa Julai 2018, nyumba za watu wengi sana wa Kibera zilibomolewa ili barabara mpya ipite. Basi mtu atapandaje mwembe mahali ambapo kesho huenda akaamriwa kuhama?

Hapo ndipo hekima ya gunia ionekanapo. Halihitaji hati. Lahitaji mahali pa kusimama tu, na siku ya kuhama huweza kuvutwa likaenda pamoja na kitanda na sufuria. Ni shamba la mtu asiye na shamba.

Kilimo hiki kilienea sana Kibera mwaka 2008. Katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, soko la Toi liliteketezwa kwa moto, reli iking'olewa, na chakula kikawa haba na ghali. Shirika la Solidarités la Ufaransa likawagawia watu miche na kuwafundisha kazi. Kazi yenyewe si ngumu. Udongo mzuri huchanganywa na samadi. Kopo lisilo na kitako huwekwa katikati ya gunia na kujazwa mawe madogo, na udongo hujazwa kulizunguka. Kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, hata mawe yawe kama nguzo toka chini mpaka juu. Maji yamwagwapo hushuka kwa nguzo hiyo na kuenea pande zote. Halafu matundu hutobolewa ubavuni, na katika kila tundu hutiwa mche. Hivyo mahali pa kuwekea kiti kimoja hupata miche mingi ya sukuma wiki na mchicha.

Lakini yafaa kuangalia. Udongo usichotwe jalalani wala kando ya barabara kuu, na maji ya mtaro yasitumiwe kamwe, maana yana uchafu wa vyoo na huleta maradhi. Maji yaliyosuuziwa mboga yanatosha. Majani nayo yaoshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Gunia moja halitamaliza njaa, wala halitaleta hati ya ardhi. Haki ya kukaa bila hofu ni jambo la kudaiwa kwa njia zake. Hata hivyo, gunia hufanya kazi nyingine isiyopimwa kwa kilo. Mwenye gunia huamka mapema kulimwagia maji, naye humwona jirani yake. Humwomba amwangalizie mboga anaposafiri. Akiona mtaro umeziba karibu na mboga zake, huuzibua, maana sasa ana kitu cha kulinda. Na watoto, ambao wengi wao Siaya au Makueni huijua kwa siku chache za Krismasi, hujifunza hapo hapo mlangoni kwamba chakula hutoka katika udongo na katika subira.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Fundi wetu amekaa Kianda si siku tatu, bali miaka 20. Jembe lake liko wapi? Si lazima asahau kwao, wala asiache kuwasaidia wazee wake. Hilo ni deni la heshima. Lakini mahali watoto wake walipojifunza kutembea napo pana haki juu yake. Jioni ile, baada ya kunyamaza kitambo, na achukue kopo lisilo na kitako, aliingize guniani, na kumwambia mkewe, “Mama Watoto, niletee mawe.”