Kabla ya Kuyalaumu Macho

Mwaka 1896, daktari Pringle Morgan wa Seaford, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uingereza, aliandika katika jarida la kitabibu habari za Percy, kijana wa miaka 14. Percy alikuwa na akili nzuri na hodari wa michezo. Alipopewa hesabu ya 749 mara 867, aliikokotoa haraka bila kukosea. Kusoma ndiko kulikomshinda. Miaka saba alikuwa amefundishwa kwa bidii, lakini hata jina lake aliliandika “Precy”, asione kosa. Na macho yake yalikuwa mazima.

Hilo la macho ndilo linalosahauliwa mpaka leo. Neno disleksia, yaani shida ya kusoma kama hiyo ya Percy, lilibuniwa na daktari wa macho, Rudolf Berlin wa Stuttgart, katika miaka ya 1880. James Hinshelwood wa Glasgow, aliyelichunguza tatizo hili kwa miaka mingi, alikuwa daktari mpasuaji wa macho. Ni kawaida mzazi kuanzia kwa madaktari wa macho, maana mtu husoma kwa macho. Hinshelwood aliwapima watoto wa namna hiyo, akasema kasoro iko kwenye ubongo. Wataalamu wa macho wenyewe, basi, ndio waliotangulia kuyaondolea macho lawama.

Lakini mtoto wa darasa la pili akisoma “dada” palipoandikwa “baba”, bado watu husema anaona herufi kinyume. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Frank Vellutino alilipima wazo hilo. Aliwaonyesha watoto herufi za Kiebrania, ngeni kwao wote, kisha akawataka wazichore kwa kukumbuka. Waliokuwa wakisoma kwa shida walizichora vizuri sawa na wenzao. Kama macho yangekuwa yanageuza herufi, yangezigeuza na hizo. Kinachowatatiza wengi wao ni sauti. Mwambie mtoto wa aina hiyo aondoe sauti ya kwanza katika “paka”, aseme kinachobaki. Atahangaika, na hapo hakuna hata herufi moja mbele yake.

Utafiti mkubwa wa Bristol, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2015, ulipima macho ya watoto zaidi ya 5,800. Kati yao, 172 walikuwa na shida kubwa ya kusoma. Katika kila kipimo cha macho, wanne kati ya watano wa kundi hilo walikutwa hawana kasoro.

Hata hivyo biashara ya kutibu disleksia kupitia macho inaendelea. Tangu miaka ya 1980, Helen Irlen wa California alipoanza kueneza miwani ya rangi, wazazi wengi wameinunua kwa matumaini. Mwaka 2009 vyama vya Marekani vya madaktari wa watoto na wa macho vilitamka kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa miwani hiyo, au mazoezi ya macho, hutibu disleksia. Fedha hupotea, lakini hasara kubwa zaidi ni ule mwaka mzima ambao mtoto angekuwa anafundishwa.

Hii haina maana kwamba macho yasipimwe. Wapo watoto wanaoitwa wazito wa kuelewa kumbe hawaoni ubaoni: hukodoa macho, husogeza daftari puani, huumwa kichwa kila jioni. Huko Kitale, Kenya, walimu walipewa simu zenye programu ya kupima macho, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kati ya kila watoto 100 waliogunduliwa kuwa na tatizo, 54 walifika hospitali. Kwenye shule zilizofuata utaratibu wa kawaida walifika 22 tu.

Mzazi na ampeleke mtoto akapimwe macho mapema. Akiandikiwa miwani, avae. Akiambiwa macho ni mazima na bado hasomi, asiitwe mvivu wala asinunuliwe miwani ya rangi. Atafutiwe mwalimu wa kumfundisha sauti, herufi na silabi kwa utaratibu, taratibu, kila siku, na shule impe muda wa ziada kwenye mitihani.