Maneno ya njia iliua watu 13 hapa Kindu

 

Nianze na kosa langu. Siku moja nilipata odio mu simu: ati kuko wageni watatu kwenye bandari, ni wapelelezi wa adui. Sikuuliza imetoka kwa nani. Nikaituma mu gurupe tatu. Kisha saa moja, vijana walikuwa wameshawazunguka wale watu, mawe mukononi. Kumbe ni wachuuzi wa samaki! Mama mumoja muuza ndizi aliwatambua, akapiga makelele, ndiyo wakapona. Bila yule mama, leo ningekuwa na damu ya watu juu yangu.

Ndiyo sababu ninataka tukumbuke tarehe 11 mwezi wa 11, 1961.

Mwaka ule inchi ilikuwa imepasuka. Lumumba alikuwa ameuawa Katanga mwezi wa kwanza. Tshombe alikuwa amekata Katanga kwenye Kongo, na mamluki wazungu walikuwa wanamupigania. Hapa Kindu muji ulijaa askari wetu waliotoka Stanleyville, Kisangani ya leo, wakienda kupigana na Katanga. Hasira yao ilikuwa ya kweli, na ilikuwa na sababu.

Siku hiyo ndege mbili zikatua hapa. Ndani mulikuwa Waitalia 13, wanajeshi wa anga kutoka muji wa Pisa, wakifanya kazi ya ONU. Walikuwa wameleta mizigo ya askari wa Malaya, nao wa ONU, waliokaa hapa. Wakaenda kula kwenye nyumba ya wale Wamalaya, karibu na uwanja wa ndege. Maneno ikatembea: ni maparakomando wa Ubelgiji, ni watu wa Tshombe! Askari wetu wakavamia ile nyumba. Daktari wa Waitalia akauawa palepale. Wengine 12 wakapigwa, wakapelekwa gerezani, wakauawa kwa risasi.

Watu 13 waliokuja kushusha mizigo.

Lakini uvumi haukuishia hapo. Ulaya wakasikia kwamba miili imetupwa mu Lualaba. Dunia nzima ikaamini. Mwezi wa 2, 1962, miili ikapatikana imezikwa hapa Tokolote. Mulinzi wa gereza ndiye alihangaika kuizika. Mutu wa Kindu. Hakuwa na bunduki ya kuzuia mauaji, lakini alikataa wafu wazaraulike. Mimi nikifikiri juu ya historia ya muji huu, huyo ndiye ninataka kuwa mutoto wake.

Kuna mutu atasema: kamarade, hiyo ni mambo ya Waitalia. Hapana. Miaka tatu kisha, 1964, Simba waliingia Kindu. Safari hii waliouawa ni watu wetu wenyewe, mbele ya sanamu ya Lumumba. Ukishazoea kuua mutu kwa sababu ya maneno, hauchagui tena rangi. Na mwezi wa 12, 2021, kule Lweba, Fizi, watu walimutoa ofisa wa FARDC ndani ya gari, wakamuua, wakamuchoma, sababu tu ni Munyamulenge. Alikuwa amevaa uniforme ya inchi yetu.

Sisi vijana tunasema tunataka Kongo ya haki. Tunaandamana bila silaha. Basi hatuwezi kuwa na mikono safi barabarani na vidole vichafu kwenye simu. Nyumba ya Wamalaya ilivamiwa kwa bunduki, lakini mulango ulifunguliwa na uvumi.

Tuondoke hapa na mambo tatu. Kwanza: kabla ya kutuma, uliza nani ameona kwa macho yake. Haujui? Futa. Pili: mukiona mutu amezungukwa, musipige video. Mumoja aite wazee na polisi, wengine wasimame katikati. Tatu: rudini nyumbani, muulize wazee wenu juu ya 1961 na 1964, muandike. Waitalia wako na munara wa wafu wao kule Pisa. Majina ya wafu wetu iko mu vichwa vya wazee tu, na wazee wanaondoka.

Kama siku moja wewe ndiye umezungukwa, utaomba nani awe pale? Yule muuza ndizi. Tuwe yeye.