Mzee Asiachwe kwa Sababu ya Miaka Yake

Leo tuzungumze juu ya jambo linaloleta ubishi katika nyumba nyingi. Mzee amepatikana na saratani ya utumbo mpana, na daktari anasema apasuliwe. Watu wa nyumbani wanakaa chini. Mmoja anasema, "Jameni, babu amekula chumvi ya kutosha, tumsumbue na kisu kwa nini?" Mwingine anauliza harambee itakuwa ya nini.

Sisi tunawaomba msihesabu miaka peke yake. Ni kweli, hatari ya upasuaji huongezeka mtu akizeeka. Lakini mara nyingi kinachomwangusha mzee ni magonjwa mengine aliyo nayo. Mzee wa miaka 78 anayelima shamba lake na hana ugonjwa mwingine anaweza kupona vizuri kuliko wa miaka 60 mwenye sukari, moyo dhaifu na sigara mdomoni.

Daktari hukata kipande chenye saratani, halafu mara nyingi huunganisha ncha mbili za utumbo. Sukari ikiwa juu, kidonda huchelewa kupona na huingia usaha upesi. Mshono wa ndani ukiachia, uchafu humwagika tumboni, na hapo maisha yako hatarini. Mvutaji sigara naye hushikwa na nimonia kwa urahisi.

Sasa tufanye nini?

1. Tumwambie daktari magonjwa yote na dawa zote, hata za miti shamba. Mgonjwa asiache dawa ya presha au sukari kwa kujiamulia.

2. Sukari, presha na upungufu wa damu vitibiwe kabla ya siku ya kupasuliwa.

3. Aache sigara, ikiwezekana wiki 4 au zaidi kabla. Ale maharagwe, mayai na maziwa, na atembee kila siku kadiri anavyoweza.

4. Akishapasuliwa asilale tu. Tumsaidie kuketi na kutembea mapema, jinsi wauguzi wanavyoelekeza.

Zaidi ya yote, tusichelewe. Mzee akiletwa utumbo umeshaziba, tumbo limevimba na anatapika, hakuna nafasi ya kumtayarisha, na hatari huwa kubwa zaidi. Wengi huona damu chooni wakasema ni bawasiri tu. Damu, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, au kukonda bila sababu: twende tukapimwe.

Wako ambao mwili hauwezi kisu kweli. Hao daktari atasema, na watatafutiwa matunzo mengine. Lakini hilo liamuliwe baada ya kupima, na mzee mwenyewe aulizwe anataka nini. Tusimwamulie sisi nyuma ya nyumba.

Mkirudi kwenu, kila kikundi kijiulize: ni mzee gani kati yetu ana sukari au presha na hajapimwa siku nyingi? Tuanze na huyo.