Upendo wa Mungu na wa Jamaa katika Siku Ngumu

Leo tunasema na ninyi mliotoka vijijini kwa mbio, na ninyi mliowapokea. Tutasema juu ya nguvu inayobaki wakati nyumba, shamba na nyavu vimepotea.

Pweto inajua maana ya kukimbia. Mji huu uko pale mto Luvua unapotoka katika ziwa Moero, na Zambia iko karibu. Desemba 2000, vita ilipofika Pweto, maelfu ya watu walivuka mpaka. Wengi waliishi miaka mingi katika kambi za Kala na Mwange. Mwaka 2005 na 2006, wengine walikimbilia Dubie, wakati vijiji vya kati ya Pweto, Mitwaba na Manono vilipoteswa hata watu wakapaita pembetatu ya kifo. Kuanzia 2007 wengi walirudishwa kutoka Zambia, wakajenga tena. Halafu 2017, mbio tena. Waliovuka walipokelewa Kenani, na 2018 wakaanza kupelekwa Mantapala. Basi kuna mama aliyekimbia mara ya kwanza akiwa mgongoni mwa mama yake, na mara ya pili akiwa na mtoto wake mwenyewe mgongoni.

Mtu aliyepita katika mambo hayo huuliza: Mungu alikuwa wapi? Ndugu, swali hilo si dhambi. Ayubu aliuliza, na Mungu hakumfukuza. Naomi naye aliuliza. Mmesikia habari zake katika kitabu cha Ruthu. Njaa ilimtoa Bethlehemu akaenda nchi ya Moabu. Huko mume wake akafa, na wana wake wawili wakafa. Alipoanza safari ya kurudi alisema wazi kwamba moyo wake umejaa uchungu. Mungu hakumtumia malaika. Alimtumia mkwe wake Ruthu, mjane kama yeye, tena mgeni wa taifa lingine. Ruthu alikataa kumwacha mzee yule peke yake, na alipofika akaenda kuokota masazo ya shayiri ili wale wote wawili.

Angalieni sana neno hilo. Upendo wa Mungu ulifika kwa Naomi katika kikapu cha nafaka. Kwetu pia mara nyingi unafika hivyo: katika sahani ya bukari na sombe iliyogawanywa, katika mkeka uliotandikwa kwa mgeni.

Sasa tuulizane. Mume akifa katika mbio, sisi tunamfanyia nini mjane wake? Kuna jamaa zinazochukua sufuria, mtumbwi na nyavu, kisha zinamwambia mama arudi kwao. Kwao ni wapi, ikiwa kijiji kimechomwa? Naomi na Ruthu walishikana wakapona wote wawili. Jamaa inayomfukuza mjane inafukuza pia watoto wa ndugu yao mwenyewe.

Wewe baba uliyekuwa na shamba lako, leo unasimama kwenye mstari kungojea unga. Haya inakukamata, na jioni hasira inaangukia mke na watoto. Sikia, baba: waliochoma nyumba hawakuchukua ubaba wako. Mtoto anayemwona baba yake akichota maji na kutafuta kuni bila kuona haya, anajifunza kwamba jamaa yake ingali imesimama. Na siku moyo ukikuzidi, toka nje, mtafute mzee au mchungaji, useme naye.

Mama, mtoto akiuliza habari za ndugu aliyepotea, usimdanganye kwamba atarudi kesho. Mwambie: hatujui aliko, tunamtafuta, na tunamwombea kila siku. Na kweli mtafuteni. Msalaba Mwekundu unasaidia jamaa zilizotengana kutafutana na kupelekeana barua fupi za habari za nyumbani, bila malipo. Jina la mtoto, la baba, la mama na la kijiji, yote yanasaidia. Wafundisheni hata wadogo kuyasema.

Ninyi mliopokea wageni, tunajua mzigo wenu. Sufuria ya nyumba moja inalisha nyumba mbili, na akiba inaisha kabla ya mavuno. Semeni mapema, kwa utulivu, kazi gani mgeni atafanya na chakula kitagawanywa namna gani. Manung'uniko ya kimya ndiyo yanayovunja ukarimu.

Mashefu, upendo kwenu ni haki. Orodha ya msaada isomwe mbele ya watu wote. Mjane aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Mtu akirudi na kukuta mwingine analima shamba lake, waiteni wote wawili pamoja na majirani wanaojua mipaka, kabla ya mvua, kabla ya jembe kugeuka silaha. Na mtu yeyote asihesabiwe adui kwa sababu ya kabila. Waluba na Watwa wote wamezika watu wao.

Ndugu wasikilizaji, kazi ya jioni ya leo ni hii. Kaeni pamoja, hata kama chakula ni kidogo. Kila mmoja ataje jina la mtu anayemkumbuka, aliye hai au aliyekufa. Kisha mwombeni Mungu, kila nyumba kwa dini yake. Kesho asubuhi, mwendeeni jirani mmoja ambaye hamjamsalimu tangu mlipofika.

Mungu awalinde mlipo, na awafungulie njia ya kurudi kwa amani.